Miaka ya Kumngoja Grete

Mama yake Kisa alitoka ng'ambo ya mto Songwe. Alikuwa mmoja wa wale wanawake wa Karonga, Malawi, waliovuka na vitenge na sabuni siku za soko, tangu biashara ilipofunguliwa na mgambo wakaacha kuwakimbiza vichochoroni. Uchungu ulimshikia Mbugani, wilayani Kyela, kwa watu asiowajua. Alijifungua hospitalini, na kesho yake hakuamka. Jina aliloandikisha lilikuwa moja tu, jina la watu wengi, na hakuna aliyejitokeza kuuliza habari zake. Wauguzi wakamwita mtoto Kisa, yaani huruma kwa Kinyakyusa, kwa kuwa hawakuwa na kingine cha kumpa.

Aliletwa kijijini Bujonde na Bwana Eliud, afisa ustawi wa jamii, kwa Tusekile na mumewe Lazaro. Hao walikuwa watu wa kanisa, wakulima wa mpunga na kakao. Mzaliwa wao wa kwanza, Ipyana, alikufa kwa surua akiwa ndiyo kwanza anaanza kukimbia. Wa pili hakufika hata kupewa jina. Baada ya hapo hawakupata tena, lakini kijiji kizima kiliendelea kumwita Tusekile Mama Ipyana, na yeye aliitika.

"Ni kwa miezi michache tu, Mama Ipyana," Bwana Eliud alimwambia, akimkabidhi kichanga kilichofungwa shuka la hospitali. "Wazazi wake wapo. Ni wale Wadenmaki wa mradi wa maji, Bwana Jens na mkewe. Mahakama ya Mbeya ikimaliza kazi yake watamchukua. Kwa sasa sheria haijawaruhusu kukaa naye, na mimi siwezi kumwacha wodini."

"Nitamtunza," Tusekile alisema.

"Najua. Ila jambo moja." Bwana Eliud alikuwa mtu wa maneno machache, na hili alilisema akitazama pembeni. "Usimfundishe kukuita mama. Utamchanganya yeye, na utajichanganya wewe."

Tusekile alitii. Mtoto alipoanza kutamka, alimwita kama majirani walivyomwita: Mama Ipyana.

Mke wa Jens aliitwa Grete. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa na uso uliobabuka kwa jua. Kila Jumamosi alikuja Bujonde na gari la mradi, akaketi mkekani kama wengine, akataka afundishwe kumbeba mtoto mgongoni. Kanga ilimlegea, mtoto akawa anateremka hadi kiunoni, na wanawake waliangua kicheko, naye akacheka nao. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota barabarani, lakini hakuona haya kukisema. Tusekile alimpenda. Kama Grete angekuwa mwanamke wa dharau, pengine mengi yaliyofuata yangekuwa mepesi.

Kisha mradi ukafungwa. Wafadhili na serikali hawakuelewana, mabomba yakaachwa yamelala kando ya barabara, na wageni wote wakaambiwa warudi kwao. Kisa alikuwa anaanza kusimama dede. Grete alipiga magoti uani, akamshika Tusekile mikono.

"Mpunga ukivunwa," alisema, "sisi tutakuja. Mama Ipyana, mimi naomba, mwambie kila siku kwamba mama anakuja."

"Nitamwambia," Tusekile alijibu, na neno lake halikuwa la kuvunjwa.

Mpunga ukavunwa. Kukatokea swali kama mtoto ni wa Tanzania au wa Malawi, maana mama yake alikuwa wa huko. Ikabidi Karonga waulizwe, na Karonga hawakujibu. Walipojibu, walisema hawamjui. Hapo msimu mwingine ulikuwa umepita. Halafu ikasemekana waombaji lazima wawe wanaishi nchini, nao walikuwa wameshaondoka. Wakili akatafutwa wa kulitetea hilo. Faili likapelekwa Dar es Salaam, likarudi likiwa limepungukiwa karatasi. Mwaka ambao shauri lilipangiwa siku, mito ya Songwe na Kiwira ilifurika pamoja, barabara ikakatika, na Bwana Eliud aliyepaswa kutoa ushahidi akakwama upande huu akiyatazama maji. Siku nyingine ilipopangwa, jaji alihamishwa.

Mwanzoni Bwana Eliud alipokuja Bujonde alizungumza kwa miezi. Baadaye akawa anasema mwakani. Baadaye tena akawa anakunywa uji aliopewa, anamtazama mtoto akicheza, anaaga bila kusema lolote.

Na Tusekile, kila alipoona afisa ameaga hivyo, moyo wake ulitua. Hakumwambia mtu. Kanisani aliomba kwa sauti kwamba mambo ya Kisa yafanikiwe, kisha akarudi nyumbani akafurahi kumkuta Kisa bado yupo, amejipaka tope la bondeni hadi masikioni, anafukuza ndege kwenye mpunga. Alifurahi, na papo hapo akamwambia kama alivyoahidi: "Mama yako anakuja, Kisa."

Grete hakumsahau mtoto. Alituma picha, na mwaka mmoja akatuma kaseti. Nyumbani kwa Lazaro hapakuwa na redio ya kaseti, kwa hiyo Kisa aliipeleka dukani kwa Anyitike, aliyekuwa ameleta redio kubwa kutoka Tunduma na kuiweka juu ya magunia ya sukari ili wateja waje. Anyitike alikuwa na moyo mzuri. Alizima muziki wake na kuiweka kaseti ya mtoto, na watu waliokuja kununua chumvi na mafuta ya taa wakasimama wakisikiliza ile sauti ya kigeni ikisema polepole, neno moja moja: "Kisa. Mimi mama yako. Mama anakuja. Wewe kula vizuri, wewe ukue, mama anakuja."

Kisa aliijua kaseti ile yote, hata mahali Grete alipokohoa. Wenzake walipomchokoza kwamba hana kwao, aliwajibu, "Mimi kwetu Denmaki." Alisema hivyo bila majivuno, kama mtu anayetaja upande wa pili wa kijiji.

Wakati wa watoto wa rika lake kuandikishwa darasa la kwanza ulipofika, yeye hakuandikishwa. Bwana Eliud alisema wasubiri kidogo, ya nini kumwanzisha shule mtoto atakayeondoka. Siku ile Tusekile aliwaona watoto wakipita na sare zao mpya, na Kisa amesimama kwenye mkomamanga akiwapungia mkono, akashindwa kuvumilia. Alimwambia mumewe, "Twende Kyela mjini. Tukaombe tupewe sisi."

Lazaro hakuwa mtu wa kubishana. Alivaa shati la ibada wakaenda.

Bwana Eliud aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akajifuta uso kwa kiganja.

"Mama Ipyana, mtoto mmoja hawezi kuombwa na watu wawili. Maombi yao yako mahakamani. Mpaka yaamuliwe, au wenyewe wayaondoe, mimi siwezi kupokea ya kwenu."

"Na yakichukua miaka mingine?"

"Basi nanyi mtangoja miaka mingine."

"Afisa," Lazaro alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo, "huyu mtoto anangoja, wale wazungu wanangoja, na sisi tunangoja. Ni nani hasa tunayemngoja?"

Bwana Eliud aliinuka. Aliwasindikiza hadi nje, jambo ambalo maafisa hawakuwa na desturi ya kulifanya.

Grete na Jens walikuja mwaka uliofuata, baada ya masika. Mahakama ilikuwa imepanga kikao, na wao wakachukua likizo, wakafikia Matema kwenye nyumba za wageni za pale ufukweni mwa ziwa, chini ya milima. Kisa alikuwa amekaribia miaka minane. Tusekile alimwogesha, akampaka mafuta, akamsuka nywele, akafumua akasuka tena, na bado mistari ikaenda upogo.

Gari liliposimama, Kisa alikimbia. Alimjua Grete kwa picha, akamrukia kiunoni, na Grete akamkumbatia akilia waziwazi mbele ya watu. Kisha akafungua sanduku. Lilijaa nguo, nguo nzuri zenye maua na vifungo vya rangi, alizokuwa akizinunua mwaka baada ya mwaka na kuziweka kabatini. Alitoa gauni akalipima kifuani kwa mtoto. Likaishia mapajani. Akatoa jingine. Mikono haikufika hata kwenye viwiko. Alitoa yote, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililomwenea.

"Umekua," Grete alisema. Alijaribu kucheka, machozi yakamzidi. "Kisa, umekua mno. Umekua mno!"

Kiswahili chake hakikuwa na neno jingine la kusema vile alivyostaajabu. Tusekile alilielewa. Hakumtazama Kisa, na hilo alikuja kulijutia baadaye.

Wakamchukua Matema, akakaa nao hadi karibu na siku ya kesi. Alirudi ameiva kwa jua na furaha. Alisimulia jinsi Jens alivyomfundisha kuogelea, jinsi walivyovuka kwa mtumbwi hadi Ikombe kutazama akina mama wa Kikisi wakifinyanga vyungu, jinsi Grete alivyomsomea kitabu chenye picha za theluji. Alimwambia Tusekile asihuzunike, kwamba atamwandikia. "Nitakapojua kuandika," aliongeza.

Jens na Grete wakaenda Mbeya. Asubuhi waliyotarajiwa kurudi, Kisa alikuwa ameshavaa. Alikuwa na kifurushi chake cha kanga, na miguu yake alikuwa ameiosha mara mbili kwa sababu ya vumbi. Majirani walikuja kuaga. Lazaro aliketi kwenye gogo akichonga mpini wa jembe usiohitaji kuchongwa.

Gari likafika. Grete alishuka, akasimama kando ya gari. Jens ndiye aliyesema, akimwambia Tusekile, maana hakuweza kumwambia mtoto. Kikao kilikuwa kimeahirishwa hadi msimu mwingine wa mahakama. Walikuwa wameomba, wamebembeleza, wakili amesimama mara tatu. Likizo yao ilikuwa imekwisha.

Walipokuwa wakizungumza, Kisa alipita katikati yao, akafungua mlango wa gari, akapanda, akaketi kiti cha nyuma na kifurushi mapajani. Akatazama mbele.

"Kisa, shuka mwanangu," Grete alimwambia.

Kisa hakushuka. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikishika kiti kwa mikono miwili. Ikabidi Lazaro aingie, amfungue kidole kimoja kimoja, amtoe amembeba begani kama gunia. Gari lilipoondoka, Grete alikuwa ameinamia magoti yake, kichwa hakikuonekana.

Wiki zilizofuata Tusekile aliona chakula kinabaki. Mwanzoni alidhani ni huzuni, na huzuni huisha. Alimpikia wali mpya, alimnunulia mbasa, samaki wa ziwani, akamchoma samaki huyo kwa ndimu, alimwekea ndizi zilizoiva hadi zikawa na madoa. Kisa aligusa kidogo, akasema "ndaga," asante, akasukuma sahani. Zahanati walimpa dawa ya minyoo, kisha ya malaria. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana. Akawa mtoto wa kuketi.

Asubuhi moja Tusekile alikuwa anasiriba ukuta wa jiko kwa udongo mweupe. Nyuma ya mlango alikuta alama ya mkaa, mstari mfupi umechorwa juu ya mstari juu ya mstari, mahali pamoja, hadi udongo umechimbika. Akaupaka. Kisa aliyekuwa mlangoni akapiga yowe ambalo Tusekile hakuwahi kulisikia kwake, hata siku ile ya gari.

"Umeufuta! Mama Ipyana, umeufuta! Sasa nitajuaje?"

"Utajua nini? Kisa, tulia. Nieleze."

Mtoto alikuwa akihema. "Nilikuwa najipima. Kila siku. Natazama kama nimeacha."

"Kama umeacha nini?"

"Kukua."

Tusekile alibaki na udongo mkononi.

"Nguo zote hazikunitosha," Kisa alisema. "Yeye alisema nimekua mno. Wakati nilipokuwa mdogo alikuwa ananitaka. Nikikua tena hawatanichukua kabisa. Nikikaa hivihivi, wakija nguo zitakuwa sawa."

"Ndiyo maana huli?"

Kisa aliitikia kwa kichwa. "Kaseti inasema nile nikue. Lakini ile ni ya zamani."

Tusekile aliketi chini palepale, akamvuta mtoto mapajani, mtoto mkubwa wa miguu mirefu asiye na uzito wowote. Alimwambia Grete hakuwa na maana hiyo. Alimwambia mzungu alikosa neno tu. Alimwambia kila mtoto hukua na kila mama hufurahi. Kisa alimsikiliza kwa heshima, kama alivyofundishwa kusikiliza wakubwa, na jioni hiyo alikula vijiko vichache ili kumridhisha.

Tusekile alikwenda Kyela peke yake akamweleza Bwana Eliud yote. Afisa aliandika barua Mbeya, akaandika Denmaki, akasema safari hii atawaambia ukweli jinsi mtoto anavyokonda. Jibu lilichukua muda kama kawaida. Alilileta mwenyewe, wakati wa mavuno, akiwa ametoka jasho kwa baiskeli, akawakuta Tusekile na Lazaro wakipiga mpunga.

"Wameondoa maombi," alisema.

"Kwa nini? Wamemchoka?" Lazaro aliuliza.

"Hawakumchoka. Kule kwao kuna umri. Mtu akiupita, ruhusa ya kuchukua mtoto inakufa, na haifufuliwi. Bwana Jens ameupita. Ameupita akingoja." Alivua kofia. "Grete ameomba msamaha mara nyingi sana. Sikuweza kusoma mpaka mwisho."

Kitu kiliruka kifuani mwa Tusekile, na alikijua: ilikuwa furaha. Ilikuja kabla ya kitu kingine chochote, ya moto na nzima: mtoto ni wangu. Alipogeuka amtafute, alimwona Kisa kwenye kivuli cha ghala, miguu yake kama mianzi, na akaionea aibu furaha ile.

Alimweleza yeye mwenyewe. Hakutaka atumwe mtu mwingine.

"Ni kwa sababu nilikua?" Kisa aliuliza.

"Hapana. Sikiliza vizuri. Wewe hukufanya kosa lolote. Ni Bwana Jens. Umri wake umepita ule unaotakiwa."

Kisa alifikiri. "Kwa hiyo yeye ndiye aliyekua mno?"

"Ndiyo, mwanangu." Neno lilimtoka bila kuliita. Miaka yote hiyo hakuwahi kulitamka.

Mtoto alitazama chini, akichora vumbi kwa kidole cha mguu. "Hakuna aliyemwambia aache kula," alisema, si kwa lawama, ila kwa masikitiko ya mtu aliyejua dawa na hakuulizwa.

Lazaro alichinja jogoo jioni hiyo. Kisa alikula. Tangu siku hiyo alikula kila alichopewa, hadi mwisho, kama mtu anayemaliza kazi aliyotumwa, na mwili ukamrudia taratibu. Shule walimwandikisha mwaka mpya ulipoanza. Alikuwa na akili nyepesi, walimu wakamrusha darasa. Alichota maji bila kutumwa, alipalilia, alianika kakao, aliwaamkia wakubwa vizuri kuliko watoto wote wa Bujonde. Watu walimpongeza Tusekile kwa malezi. Kaseti aliichukua siku moja akampa Anyitike arekodie muziki juu yake, maana kaseti tupu zilikuwa ghali.

Tusekile na Lazaro waliomba wapewe Kisa awe mtoto wao kisheria. Bwana Eliud aliyapokea maombi siku hiyohiyo, na hapo ndipo kungoja kwao wenyewe kulipoanza: vikao, maswali, safari za Mbeya kwa basi la alfajiri.

"Tumwambie?" Lazaro aliuliza mara ya kwanza walipokuwa wanaondoka.

"Tusimwambie. Asingoje tena kitu."

Wakamwambia wanakwenda kuuliza bei ya kakao, kwa kuwa siku hizo wanunuzi binafsi walikuwa wamejaa na kila mmoja alikuwa na bei yake. Waliuliza bei ya kakao hivyo kwa miaka.

Hukumu ilitoka Kisa akiwa msichana, sauti imeanza kutulia, kifua kimeanza kujaa. Tusekile alirudi na karatasi yenye muhuri imekunjwa ndani ya Biblia ili isipate unyevu. Alimkuta uani anapepeta mchele. Alimpa. Kisa alijifuta mikono, akaisoma yote, polepole, kwa makini ya mwanafunzi mzuri. Ilisema kwamba tangu siku hiyo yeye ni mtoto wa Lazaro na Tusekile kana kwamba amezaliwa nao.

"Ndaga," alisema. Alipiga goti kidogo, kama msichana mwenye adabu anavyofanya akipokea kitu kutoka kwa mgeni. "Mmesumbuka sana kwa ajili yangu."

Alimrudishia karatasi kwa mikono miwili, akaokota ungo, akaendelea kupepeta.

Tusekile alisimama akimtazama. Alikuwa amengojea neno moja, mama, na alijua kwamba ni yeye mwenyewe aliyelizuia lilipotaka kuzaliwa, mtoto akiwa bado mdomo mtupu usio na meno. Aliingia ndani akaiweka karatasi sandukuni. Akapita mlango wa nyuma hadi kwenye mikakao, mahali ambapo majani yaliyoanguka ni mazito na hatua hazisikiki, akaegemea mti akalia, kanga mdomoni. Alilia hadi aliposikia radi upande wa ziwa na sauti ya Kisa ikimwita, kwa upole na kwa heshima, kwamba mvua inakuja na mpunga bado uko nje.

Akajifuta uso, akaenda wakauanua pamoja.